Likizo ya Familia Pwani ya Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchagua Mahali pa Kwenda

Maswali haya ni yale ambayo wazazi hurudia kuuliza wanapopanga safari ya Pwani pamoja na watoto. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Pale jibu moja linapogusa jingine, mtaelekezwa swali la kusoma.

## Mambo ya msingi

Pwani ni ndefu na majina ni mengi. Tuanzie wapi kuchagua?

Anzeni na umri wa mtoto wenu mdogo zaidi, kisha hali ya bahari katika tarehe mlizo nazo, kisha umbali ambao familia inaweza kuuvumilia baada ya kushuka kwenye treni au ndege. Hoteli ije mwisho. Wengi hufuata mpango wa kinyume: huvutiwa na picha ya bwawa la kuogelea, hulipa, na wanapofika hukuta kwamba ufuo ulio mbele ya bwawa hilo hukauka asubuhi nzima kwa siku zile zile walizochagua. Bwawa hufanana popote mwendako. Bahari ndiyo inayotofautiana, nayo ndiyo iliyowafanya mfunge safari.

Kwa mgawanyo wa kawaida, Mombasa huwekwa katikati. Pwani Kusini ni Kaunti ya Kwale: Tiwi, Diani, Galu, Gazi, Msambweni, hadi Shimoni na kisiwa cha Wasini karibu na mpaka wa Tanzania. Pwani Kaskazini huanza Nyali, Bamburi na Shanzu ndani ya Kaunti ya Mombasa, kisha huendelea Kikambala, Kilifi, Watamu na Malindi katika Kaunti ya Kilifi. Lamu iko mbali zaidi kaskazini, na ni afadhali kuihesabu kama safari ya aina yake.

Ni miezi gani inayofaa kwenda na watoto?

Pwani huongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Huja na joto, bahari tulivu na maji maangavu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, ikiwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, nayo huchafua bahari nje ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo na kupunguza joto. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha utulivu, na Oktoba mara nyingi huwa mwezi mzuri sana, ingawa haumfai sana mwenye watoto wa shule.

Kwa kuwa familia nyingi hubanwa na likizo za shule, swali la kweli ni Aprili, Agosti au Desemba. Aprili huangukia mwanzo wa masika. Mvua ya Pwani huwa kubwa zaidi Mei, lakini siku kadhaa za Aprili zinaweza kupotea kwa mvua, na baadhi ya hoteli na mikahawa hufungwa kwa matengenezo katika msimu huo. Desemba ni mwezi wa bahari nzuri, lakini pia ni wa msongamano na bei za juu, hasa kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya. Agosti hudharauliwa bila sababu nzuri. Safari za mashua hukatizwa mara kwa mara kwa ajili ya upepo, na wapiga mbizi hawaufurahii mwezi huo, lakini mtoto wa miaka mitatu hana haja na kina cha mita 15. Yeye anahitaji hewa isiyomchosha na usingizi mzuri wa mchana, na hayo Agosti inayo. Isitoshe, kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita mbele ya pwani yetu, na familia zenye vijana zinaweza kwenda kuwatazama kwa mashua kutoka Watamu bahari inaporuhusu.

Siku ngapi zinatosha, na je, tukae sehemu moja au tuhamehame?

Kwa familia inayotoka Nairobi au mbali zaidi, chini ya usiku nne ni kuwachosha watoto kwa kazi bure, kwa kuwa siku ya kwanza na ya mwisho humezwa na safari. Kaeni sehemu moja. Kuhama kutoka Diani kwenda Watamu kunamaanisha kupita Mombasa na kupoteza sehemu kubwa ya siku. Mkiwa na siku kumi au zaidi, kuhama mara moja kunaeleweka.

## Bahari yenyewe

Tulifika ufuoni asubuhi tukakuta maji yametoweka. Kulikoni?

Ni maji kupwa, na hakuna jambo linaloathiri likizo ya mtoto Pwani kuliko hili. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban kila saa 25, kwa hiyo nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo inaweza kukaribia mita 4. Katika siku za maji mafu, ambazo huangukia mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Kuna utaratibu ambao wenyeji huujua na wageni hawaambiwi. Katika siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Juma moja baadaye, katika maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupungua alasiri. Kwa hiyo mtu anayejua tarehe za mwezi anaweza kukisia ratiba ya likizo yake miezi sita kabla, bila kumuuliza yeyote. Mkifuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi zaidi, kwa sababu bamvua huwa karibu na mosi na kumi na tano za kila mwezi.

Kwa familia yenye watoto wadogo, juma la bamvua ni zuri kuliko linavyosifiwa. Asubuhi mnatembea kwenye mwamba uliokauka na kutazama vidimbwi, adhuhuri mnakwepa jua ndani, na maji yanarudi ufuoni jua linapopoa. Katika maji mafu, maji mengi hupatikana wakati jua linaelekea utosini, lakini hata yanapopungua hubaki kiasi cha kuchezea.

Je, ufuo wote hukauka kwa kiwango kimoja?

La. Mahali ambapo uwanda wa mwamba ni mpana na wa kina kifupi, kama sehemu kadhaa za Pwani Kaskazini karibu na Mombasa, mtatembea mbali kabla ya kufikia maji ya magotini. Mahali penye ghuba au mchanga unaoteremka kwa kasi, maji hubaki karibu. Hata ndani ya Diani, hali hubadilika kutoka hoteli moja hadi nyingine. Njia ya uhakika ni kumwomba mwenye nyumba picha iliyopigwa wakati wa maji kupwa. Akituma tu picha za maji yaliyojaa, ombeni tena.

Tufanye nini na watoto maji yanapokuwa yamekupwa?

Hapa ndipo Pwani inapomfundisha mtoto zaidi. Katika kidimbwi kisichozidi beseni mtaona kiti cha pweza kikijikunja polepole, kaa wa upweke akibadilisha kombe analoishi ndani yake, samaki wadogo wenye milia wakijificha chini ya jiwe, na majongoo bahari yaliyolala kama yamesahauliwa. Mvalisheni mtoto viatu vya mpira vinavyofunika vidole, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi katika nyufa za mwamba. Msikanyage matumbawe hai, na msiinue kiumbe juu ya maji ili kupiga picha.

Mkitaka kwenda mbali, mchukueni kijana mwenyeji anayejua njia. Bahari hurudi kupitia mikondo iliyo nyuma yenu kabla ya kufika miguuni, na mtu asiyeijua anaweza kujikuta amezungukwa na maji.

Ni wapi salama zaidi kuogelea na watoto?

Sehemu kubwa ya pwani kati ya Msambweni na Watamu ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo na kuvunja mawimbi, hivyo maji yaliyo ndani ya mwamba huwa tulivu. Hayo ndiyo maji ya watoto. Jihadharini na maeneo matatu: milango ya mwamba, ambapo maji hutoka kwa nguvu yanapokupwa, midomo ya hori (mikono ya bahari iliyoingia bara) kama Mtwapa na Kilifi, yenye mikondo na mashua, na fuo zisizo na mwamba mbele yake. Shela, Lamu, ina kilomita nyingi za mchanga wa kupendeza, lakini sehemu kubwa yake iko wazi kwa bahari kuu na mawimbi yake si ya mchezo wakati wa kusi. Sehemu za ghuba ya Malindi pia huwa na mawimbi.

Waokoaji hawapo katika fuo nyingi, kwa hiyo mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama tu, bila simu mkononi. Boya la kupuliza si kifaa cha usalama. Upepo wa nchi kavu unaweza kulisukuma nje haraka kuliko mzazi anavyoweza kuogelea.

Mwani ufuoni unamaanisha bahari ni chafu?

Hapana. Ni majani ya bahari yaliyong'olewa na mawimbi, na kiasi chake hubadilika kwa upepo na hata kwa juma. Ulizeni hali ilivyo wiki hiyo.

## Kulinganisha maeneo

Diani au Watamu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Diani ina mchanga mweupe mrefu, barabara moja iliyonyooka yenye maduka, zahanati na mikahawa, na uwanja mdogo wa ndege Ukunda ulio karibu kabisa. Familia yenye mtoto mchanga, au yenye watu wa ladha mbalimbali, hupata wepesi wa maisha Diani. Pia kuna mbega weusi kwa weupe ambao huvuka barabara juu ya ngazi za kamba zilizofungwa mitini kwa ajili yao, na mtoto akishawaona atakuwa anatazama juu safari nzima.

Watamu ni ndogo na imejikunja katika ghuba zenye visiwa vya mawe vilivyomomonyolewa na bahari. Hifadhi yake ya bahari, pamoja na ile ya Malindi, ilianzishwa mwaka 1968, na samaki wake wamezoea kulindwa. Mtoto wa miaka saba mwenye miwani ya majini anaweza kuona mengi katika maji mafupi. Kando yake kuna hori la Mida lenye mikoko, msitu wa Arabuko-Sokoke, na magofu ya Gede. Ubaya wake ni umbali: kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 100, ingawa kuna uwanja wa ndege Malindi, mwendo mfupi kutoka hapo.

Kwa maoni ya ukurasa huu, watoto chini ya miaka mitano wapelekwe Diani, na wenye umri wa miaka sita hadi kumi na miwili wapelekwe Watamu. Mtoto wa umri huo huuliza maswali, na Watamu ina majibu mengi katika eneo dogo.

Nyali na Bamburi bado zinafaa, au ni mji tu?

Zinafaa sana kwa safari fupi na kwa familia isiyotaka kuvuka maji wala kusafiri zaidi baada ya treni. Ufuo una shughuli nyingi, na ule wa umma wa Jomo Kenyatta, unaojulikana na wengi kama Pirates, hujaa kabisa siku za sikukuu. Faida yake ni kuwa karibu na Haller Park, machimbo ya mawe ya saruji ambayo upandaji wa mivinje ulioanza mwaka 1971 uliyageuza kuwa msitu wenye twiga, mamba na kobe wakubwa. Hapo ndipo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya mwaka 2004, alipofanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee. Wasimulieni watoto kisa hicho kabla ya kufika.

Je, Lamu inafaa kwa watoto wadogo?

Inafaa kwa watoto wanaotembea wenyewe na wazazi wasio na haraka. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda ndio hubeba mizigo, na kigari cha mtoto hakina maana hapo. Familia nyingi huenda kwa ndege hadi Manda na kuvuka kwa mashua, kwa kuwa barabara ya kutoka Malindi hupita maeneo ambayo yamewahi kushambuliwa. Ushauri wa usalama usomwe upya kabla ya kila safari. Kuhusu mawimbi ya Shela, tazameni swali la maeneo salama ya kuogelea.

Shimoni na Wasini: tulale huko au twende kwa siku moja?

Wengi huenda kwa siku moja kutoka Diani. Safari huanza asubuhi mapema kwa barabara, kisha mashua hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako pomboo huonekana mara nyingi, kisha chakula cha mchana Wasini. Kwa mtoto chini ya miaka minne, siku hiyo ni ndefu na jua ni kali. Wakati wa kusi mashua hurushwa sana, hivyo anayechafukwa na bahari abaki. Chagueni nahodha asiyewafukuza pomboo. Akiwazingira, mwombeni asogee kando, na ana wajibu wa kuwasikiliza.

Na Kilifi, Malindi, Msambweni?

Kilifi ina hori zuri na utulivu, ikifaa familia inayokodi nyumba nzima na kupenda mashua. Malindi ina mji wenye uhai na nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498, lakini Mto Sabaki humwaga tope kaskazini mwa mji na baada ya mvua za bara maji yanaweza kuwa ya hudhurungi. Msambweni ni ya watu wanaotaka kimya, na wanaokubali kwamba duka na zahanati haziko mlangoni.

Tukichoka na bahari, au mvua ikinyesha?

Kila eneo lina lake. Walio Mombasa wana Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na Mji wa Kale ulio nyuma yake. Nendeni asubuhi, kabla mawe hayajashika joto. Walio Diani wana Shimba Hills, makao ya palahala (aina ya swala wakubwa), na daraja la mbao la Gazi linalopita ndani ya mikoko, ambalo huendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijijini. Watoto hulipenda daraja hilo kwa sababu kaa huonekana wazi chini ya miguu yao.

Walio Watamu wasikose Gede. Ni mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu, na mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mizizi imeshika kuta za msikiti na jumba la mfalme, na kima hukaa juu yake. Mpeni mtoto kazi ya kutafuta visima na mahali pa vyoo. Ataelewa kwamba watu wa hapo walipanga mji wao kwa akili, na hilo litamkaa kuliko tarehe yoyote. Karibu na hapo kuna mradi wa Kipepeo, ambamo wenyeji hufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa (vipepeo walio bado ndani ya vifuko) za kuanguliwa kwa maonyesho ng'ambo.

## Usafiri na malazi

Treni, ndege au gari?

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, huchukua takriban saa tano hadi sita kati ya Nairobi na Mombasa, na kwa watoto ndiyo bora: wanatembea, kuna choo, na wakikaa dirishani wanaweza kuona ndovu wa Tsavo. Tiketi za misimu ya likizo huisha mapema mno. Fikeni kituoni mapema, kwa kuwa ukaguzi wa mizigo ni mrefu, na kumbukeni kwamba Miritini, kilipo kituo cha Mombasa, si katikati ya mji; pangeni gari la kuwapokea.

Gari lenu wenyewe linawapa uhuru, lakini ni karibu kilomita 480 pamoja na malori mengi. Safirini mchana, mpumzike Mtito Andei, na msijaribu kufika usiku. Ndege ya moja kwa moja hadi Ukunda au Malindi inastahili gharama yake mkiwa na mtoto mchanga na siku chache.

Kuna shida gani na feri ya Likoni, inayovusha kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Pwani Kusini?

Foleni tu, hasa jioni na sikukuu. Anayetoka Miritini au uwanja wa ndege wa Mombasa kwenda Diani anaweza sasa kupita barabara ya Dongo Kundu na kufika bila kukanyaga kisiwa. Mwambieni dereva mapema. Hata hivyo, kama watoto hawajawahi kupanda feri, rudini kwa njia hiyo siku moja isiyo na haraka.

Hoteli, au nyumba ya kukodi yenye mpishi?

Familia ya watu wanne au zaidi, ikikaa zaidi ya siku nne, mara nyingi hupata raha na nafuu katika nyumba yenye mpishi. Ni mtindo uliozoeleka Pwani: mpishi huenda sokoni au huwangoja wavuvi, nanyi mnalipia vitu kwa bei ya sokoni. Mtoto anayechagua chakula atapikiwa wali mweupe bila ugomvi, na wakubwa watapata samaki wa kupaka kama anavyopikwa nyumbani. Kubalianeni mapema kuhusu saa zake za kazi, siku ya mapumziko na bakshishi.

Hoteli ambayo bei yake inajumuisha kila kitu humfaa zaidi mzazi aliyechoka kabisa na asiyetaka kuamua lolote.

Tumuulize nini mwenye nyumba kabla ya kulipa?

Ulizeni kama bwawa lina uzio au lango, kwa sababu mengi hayana, na bwawa lisilo na uzio ni hatari kubwa zaidi kuliko bahari kwa mtoto wa miaka miwili. Ulizeni kama kuna jenereta umeme ukikatika, kama vyandarua vipo kwenye vitanda vyote, maji ya bomba ni ya chumvi au la, hospitali ya karibu iko dakika ngapi, na ngazi za kushukia ufuoni ni ngapi. Tiwi na baadhi ya sehemu za Pwani Kaskazini zina miamba ambayo ngazi zake ni kali.

Je, ufuo ulio mbele ya hoteli ni mali ya hoteli?

Hapana. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kuwazuia kupita ndani ya uwanja wake, lakini si kutembea mchangani. Familia iliyolala kwenye nyumba ya bei nafuu mtaa wa pili inaifurahia bahari ile ile, na hilo linafaa kuzingatiwa sana katika bajeti.

## Afya na hali zisizo za kawaida

Malaria ni tatizo kwa mtoto anayetoka Nairobi?

Ndiyo. Watoto wa nyanda za juu hawana kinga waliyo nayo baadhi ya wenyeji. Mwoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia, tumieni vyandarua, na wavalisheni nguo ndefu kuanzia magharibi. Homa ikitokea hata majuma kadhaa baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa Pwani na mdai kipimo siku hiyo hiyo.

Jua ni kali kiasi gani?

Pwani yote iko karibu na Ikweta, na mtoto anaweza kuungua hata siku ya mawingu, awe wa rangi gani. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea ni bora kuliko losheni peke yake, kwani losheni hutoka majini. Kati ya saa tano na saa tisa mchana, kaeni kivulini. Madafu ni mazuri, lakini maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa yawe nayo karibu wakati wote.

Tuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Tuahirishe?

Si lazima. Chagueni Diani au Nyali, Agosti badala ya Januari, nyumba yenye feni au kiyoyozi, na hospitali iliyo karibu. Safari za mashua ziachwe.

Babu na nyanya wanakuja, na mmoja anatumia kiti cha magurudumu.

Lamu na nyumba zenye ngazi za miamba ziondolewe kwenye orodha. Diani ina ardhi tambarare, lakini mchanga wake ni laini na magurudumu huzama. Tafuteni nyumba yenye baraza linalotazama bahari ili mzee awe pamoja na wajukuu bila kubebwa. Wakati wa maji kupwa mchanga wenye unyevu huwa mgumu, na kiti husukumika kwa urahisi zaidi.

Tukifika wakati wa Ramadhani?

Mahoteli huendelea kama kawaida. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, mikahawa mingi ya kawaida hufungwa mchana, na si adabu kula barabarani. Usiku mji huchangamka, na vyakula vya futari ni sababu tosha ya kuchagua mwezi huo. Kwa mwaka mzima, nguo za kuogelea ni za ufuoni. Mtaani watu wafunike mabega na magoti.

Tufanyeje na wauzaji wa ufuoni, na nyani?

Muuzaji msalimieni vizuri kwanza, kisha mwambie kwa upole na uwazi kwamba leo hamnunui. Kumpita kimya huonekana kama dharau na huendeleza mazungumzo. Mkimchagua mmoja kwa safari ya mashua, hakikisheni ana jaketi za kuokolea zinazowatosha watoto, na mzijaribu kabla ya kulipa. Msinunue kombe wala kobe wa bahari, na msiokote chochote ndani ya hifadhi.

Tumbili na nyani wa Diani huingia ndani mlango ukiachwa wazi. Msiwalishe hata mara moja, kwa maana mnyama aliyezoea kulishwa humnyang'anya mtoto chakula mkononi.

Kuna sheria gani ambazo familia huzisahau?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika hifadhi, fuo na misitu inayolindwa. Bebeni chupa za kujazwa tena. Ada za hifadhi za taifa hulipwa kwa njia ya kielektroniki, si taslimu, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mna mtandao mzuri, na mbebe vitambulisho pamoja na vyeti vya watoto, maana ada ya raia na mkazi hutofautiana na ya mgeni.